Bwawa Limekuwa Kijani na Dawa Haifanyi Kazi: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Mwani Sugu Nyanda za Juu Kusini

Bwawa la kuogelea likigeuka kijani, wengi humwaga klorini nusu ndoo, husubiri siku mbili, kisha huilaumu dawa. Mara nyingi dawa haina kosa. Mwani unaoitwa sugu katika mabwawa mengi ya majumbani, kuanzia Iringa hadi Mbeya na Tukuyu, ni mwani wa kawaida kabisa ambao haujawahi kukutana na klorini ya kutosha kwa muda wa kutosha. Ama klorini imeshikwa na stebilaiza (kemikali ya kuikinga klorini na jua) iliyojaa majini, ama jua limeimaliza kabla haijafanya kazi, ama kazi imeachwa siku moja kabla haijaisha. Ukijua ni lipi kati ya hayo limekupata, bwawa litasafishika kwa dawa zilezile unazozinunua siku zote.

Mahesabu yote hapa yanatumia bwawa moja la mfano: urefu mita 8, upana mita 4, kina mita 1 upande wa watoto na mita 1.8 upande wa pili. Wastani wa kina ni mita 1.4, kwa hiyo maji ni 8 × 4 × 1.4, yaani mita za ujazo 45 hivi. Bwawa la duara hupimwa kwa kipenyo × kipenyo × 0.785 × kina cha wastani. Usikadirie kwa macho. Mtu akidhani bwawa lake ni la mita za ujazo 30 kumbe ni 45, kila dozi atakayoweka itapungua kwa theluthi moja, na mwani utaishi.

Jambo jingine la hesabu linalorahisisha maisha: ppm 1 ni sawa na gramu 1 ya dawa halisi katika mita moja ya ujazo ya maji. Ukilishika hilo, hutahitaji jedwali la mtu.

Kwanza hakikisha ni mwani

Mwani wa kijani hutelezesha kuta na kufanya maji yawe na ukungu. Sakafu ya upande wa kina haionekani. Huu ndio rahisi kuliko yote.

Mwani wa manjano hukaa kama vumbi la rangi ya haradali kwenye kuta za upande wa kivuli. Ukipitisha brashi hutimka kama moshi, kesho yake unaukuta palepale. Hapa wakazi wa Mufindi na wote waliozungukwa na misonobari wawe waangalifu, kwa sababu chavua ya misonobari nayo ni ya manjano na hudanganya. Chavua huelea, husukumwa na upepo hadi ukingo mmoja na hunaswa kwenye skima (tundu la ukingoni linalovuta takataka za juu ya maji). Mwani wa manjano hauelei juu, unakaa ukutani na chini. Chavua dawa yake ni wavu tu.

Mwani mweusi huonekana kama madoa madogo meusi au ya bluu iliyoiva, yaliyoshika kwenye saruji katikati ya vigae au kwenye plasta iliyochakaa. Brashi ya nailoni haiutoi. Kitaalamu si mwani hasa bali ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, na wamejifunika utando mgumu unaoizuia klorini kuwafikia.

Halafu kuna maji ya kijani ambayo ni maangavu, unaona hadi chini. Hayo si mwani. Ni madini, mara nyingi chuma kutoka kwenye kisima kirefu, au shaba. Pima hivi: chota maji ya bwawa kwenye ndoo nyeupe, weka kijiko kidogo cha klorini ya unga, acha saa chache. Rangi ya kijani ikififia, ni mwani. Maji yakigeuka rangi ya chai au kutu, una chuma, na kumwaga klorini nyingi kwa pamoja kutakupaka madoa ya kahawia kwenye vigae. Dawa ya chuma ni kupandisha klorini kidogo kidogo na kuyapitisha maji kwenye ndoo yenye matundu iliyojazwa pamba ya plastiki ile ya kujazia mito. Chuma kikishachomwa na klorini hugeuka chembechembe zinazonaswa humo. Badilisha pamba kila inapokuwa nyekundu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Klorini ya unga (kalsiamu hipokloriti) yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70: kwa bwawa la mfano weka akiba ya kilo 5 mkononi. Asidi hidrokloriki lita 2. Brashi pana ya bwawa, wavu wa majani, mpira na kichwa cha kufyonzea uchafu wa chini. Ndoo mbili za plastiki, si za bati. Glavu za mpira, miwani ya kinga na buti.

Na vipimo. Vile vya matone viwili, cha njano na cha chungwa, havitoshi kwa kazi hii. Cha njano hakitofautishi klorini huru na ile iliyokwisha kutumika. Unahitaji kipimo cha klorini huru (iliyo tayari kuua) na klorini iliyofungwa (iliyokwisha kutumika ikashikana na uchafu), cha pH (kiwango cha asidi ya maji), cha alkalini (inayoizuia pH isiyumbe), na cha stebilaiza. Hicho cha mwisho ndicho watu hukiacha ili kuokoa pesa, na ndicho chenye jibu.

Stebilaiza: hapa ndipo usugu unapozaliwa

Juani, klorini isiyo na kinga haidumu. Katika saa moja ya jua la mchana zaidi ya nusu yake huwa imekwenda. Nyanda za juu tunaishi zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mionzi ya urujuanimno ni mikali hata siku ya baridi, kwa hiyo hatuna ujanja: maji lazima yawe na asidi ya sayanuriki, inayouzwa kwa jina la stebilaiza. Hiyo huishika klorini na kuikinga na jua.

Shida ni kwamba huishika pia isifanye kazi haraka. Kadiri stebilaiza inavyoongezeka, ndivyo klorini nyingi zaidi inavyohitajika kuua mwani uleule. Na stebilaiza haiishi kwa jua wala haitoki kwa mvuke. Hutoka pale tu maji yenyewe yanapotoka.

Sasa angalia vidonge vikubwa vya klorini vya gramu 200 vinavyoelea kwenye kikapu cha plastiki. Kidonge kimoja katika mita za ujazo 45 kinaleta klorini ppm 4 na stebilaiza ppm 2.4 hivi. Klorini inatumika na kwisha, stebilaiza inabaki. Vidonge viwili kwa wiki kwa miezi sita ni vidonge 52, na stebilaiza imepanda kwa zaidi ya ppm 120, ukiondoa kiasi kilichomwagika na maji ya kuoshea chujio. Kijana anayetunza bwawa anapima klorini, anakuta ppm 2, anaona mambo safi. Kumbe kwenye stebilaiza ya 120, ppm 2 ni sawa na hakuna kitu. Mwani unaota mbele ya macho yake na vipimo vikisema kila kitu kiko vizuri.

Kwa hiyo pima stebilaiza kwanza. Kipimo chake ni cha kuangalia doa jeusi chini ya mrija hadi lipotee kwenye maji yaliyogeuka maziwa. Kifanyie nje, kivulini, mgongo ukiwa upande wa jua. Na mwezi wa Juni au Julai usipime maji yaliyotoka bwawani moja kwa moja. Yaache ndani ya nyumba hadi yapoteze ubaridi, kama nyuzi 24 hivi, kwa sababu maji baridi huleta majibu ya uongo kwenye kipimo hiki.

Ukipata kati ya 30 na 50, endelea. Ukipata chini ya 20, ongeza: gramu 30 kwa kila mita ya ujazo zinakupa ppm 30, yaani kilo 1.35 kwa bwawa letu. Itie kwenye soksi safi, ining'inize mbele ya tundu la maji yanayorudi, uiminye mara kwa mara. Huyeyuka polepole sana, siku kadhaa, kwa hiyo usirudie dozi kwa sababu kipimo cha kesho yake hakijapanda.

Ukipata zaidi ya 80, punguza maji. Hakuna dawa ya kawaida itakayokuepusha na hilo. Hesabu ni nyepesi: ukitaka kutoka 120 hadi 40, theluthi mbili ya maji itoke. Kumwaga maji kiasi hicho kunauma, hasa Oktoba mgao wa maji ukiwa mkali, lakini kupambana na mwani kwenye stebilaiza ya 120 kutakula klorini ya thamani kubwa kuliko bili ya maji.

Onyo kwa walioko Tukuyu, Rungwe na penginepo ambapo ardhi hushiba maji: usikaushe bwawa lote wakati wa masika. Maji ya ardhini husukuma bwawa tupu kutoka chini na kulipasua sakafu au kuliinua. Toa nusu, jaza, zungusha, kisha toa nusu tena. Utatumia maji mengi zaidi kidogo, lakini bwawa litabaki zima. Maji unayoyatoa yakiwa bado na klorini yasielekezwe kwenye bustani ya mboga wala kijito. Yaache kwanza jua liyapige hadi kipimo kisome sifuri.

Usafi wa kwanza na pH

Toa majani yote kwa wavu. Chini kabisa, ambapo huoni, buruta wavu polepole mara nyingi. Majani ya mikaratusi, mgrivilea na jakaranda yaliyooza hula klorini kama mwani wenyewe, na ukiyaacha utakuwa unachoma dawa kwa ajili ya takataka. Usijaribu kuyafyonza kwa pampu, utaziba bomba. Vyura na viluwiluwi nao watolewe.

Kisha toa kila kitu kinachotoka: ngazi, kikapu cha skima, vichezeo, vifuniko. Osha kwa maji ya klorini. Zima umeme wa taa za ndani ya maji kwenye swichi kuu, toa taa kwenye tundu lake uone nyuma yake. Mwani wa manjano unaorudi baada ya matibabu mazuri mara nyingi ulikuwa umejificha nyuma ya taa au kwenye mlango mdogo wa skima.

Shusha pH hadi 7.2. Ifanye kabla ya klorini, kwa sababu klorini ikizidi ppm 10 kipimo cha pH hakiaminiki tena. Maji yanayoshuka kutoka milimani kwa mserereko mara nyingi ni mepesi, hayana alkalini ya kutosha, na asidi kidogo inaporomosha pH. Anza na mililita 250 kwa bwawa la mita za ujazo 45, imwage mbele ya maji yanayorudi pampu ikiwa inafanya kazi, subiri saa moja, pima. Maji yenye alkalini ya 100 na pH 7.8 yanaweza kuhitaji karibu lita nzima, lakini uifikie kwa awamu. Alkalini ikiwa chini ya 60 iongeze kwa sodiamu baikaboneti, ile ya kuumulia maandazi: kilo 1.5 inapandisha ppm 20 katika bwawa la mfano.

Asidi na klorini zisikutane nje ya maji ya bwawa, hata kwa ndoo iliyosuuzwa vibaya. Gesi inayotoka inaua. Ndiyo maana ndoo ni mbili, na kila moja iandikwe.

Klorini: kiasi gani, na lini

Lengo la kuua mwani ni klorini huru sawa na asilimia 40 ya stebilaiza. Kanuni ya unga wa asilimia 65: ppm unazotaka × mita za ujazo ÷ 0.65, jibu linakuwa gramu. Kwa bwawa la 45, ukianzia sifuri:

Stebilaiza 30: klorini ppm 12, gramu 830.
Stebilaiza 50: klorini ppm 20, kilo 1.4.
Stebilaiza 70: klorini ppm 28, kilo 1.9.
Stebilaiza 100: klorini ppm 40, kilo 2.8, na hapo ndipo utakapojuta kutopunguza maji.

Weka dozi ya kwanza jua likishazama. Jaza ndoo maji kwanza, ndipo utie unga, gramu 300 hivi kwa ndoo ya lita 20. Kamwe usimimine maji juu ya unga. Koroga, acha chokaa ituame dakika chache, mwaga maji ya juu kuzunguka bwawa lote huku ukitembea na upepo ukiwa mgongoni. Pampu iwe inafanya kazi na ibaki hivyo saa 24 kwa siku hadi mwisho wa matibabu. Umeme ukikatika, zungusha maji kwa brashi na uendelee. Dawa iliyokaa mahali pamoja huchubua rangi na kuacha kona nyingine bila kitu.

Mara tu baada ya kumwaga, piga brashi. Kuta zote, ngazi, pembe, chini. Watu hulidharau hili, lakini mwani uliojirundika unajikinga wenyewe: tabaka la juu linakufa, la chini linabaki. Brashi asubuhi na jioni, kila siku.

Kesho yake pima saa moja asubuhi, saa sita mchana na jioni, na kila mara rudisha klorini kwenye lengo. Siku ya kwanza itashuka kwa kasi ya kukatisha tamaa. Hiyo ni dalili nzuri: inaua. Kosa kubwa kuliko yote ni kumwaga mara moja kisha kusubiri siku tatu "nione kama itafanya kazi". Klorini ikishafika sifuri, mwani uliobaki huanza kuzaliana upya, na ulichonunua kimepotea chote.

Mambo mawili ya vipimo hupotosha hapa. La kwanza: klorini ikiwa nyingi sana, dawa ya kipimo cha klorini, ile inayogeuka waridi, inapaushwa na kusoma kama hakuna kitu. Ukiona rangi imewaka kisha ikatoweka, una klorini nyingi, si sifuri. Changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji ya chupa, pima, zidisha kwa tano. La pili: klorini ikishuka kutoka 10 hadi sifuri ndani ya dakika kumi au kumi na tano, huku maji hayajawa kijani sana, shuku amonia. Mashamba ya mahindi yanapowekewa urea ya kukuzia na mvua ikapiga, maji ya mteremko yakiingia bwawani huleta hiyo. Endelea kuongeza gramu 700 (ppm 10) na kupima kila robo saa hadi klorini ianze kukaa, ndipo urudi kwenye ratiba ya kawaida.

Rangi itabadilika kwa mpangilio: kijani cha kiza, kijani chepesi, kijivu au bluu ya maziwa, kisha maangavu. Kijivu maana yake mwani umekufa lakini bado unaelea. Kazi inahamia kwa chujio.

Chujio ndilo linaloubeba mwani nje

Klorini haiutoi mwani uliokufa. Chujio la mchanga ndilo linaloutoa, na likiwa bovu utakaa na maji ya maziwa wiki nzima. Andika msukumo wa geji chujio likiwa safi. Ukipanda kwa bar 0.5 hivi, osha kinyumenyume: zima pampu, geuza mkono wa vali hadi palipoandikwa BACKWASH, washa hadi kioo kionyeshe maji safi, zima, weka RINSE nusu dakika, zima, rudisha FILTER. Kila ukigusa mkono wa vali pampu iwe imezimwa. Ukigeuza maji yakiwa yanapita, gasketi ya ndani inachanika, na kuanzia hapo maji ya bwawa yatakuwa yanavuja kimyakimya kwenye bomba la uchafu.

Siku mbili za mwanzo unaweza kuosha mara mbili au tatu kwa siku. Ni kawaida.

Msukumo ukiwa chini muda wote na maji hayasafiki, fungua chujio uangalie mchanga. Unaotakiwa ni wa silika wenye punje za milimita 0.4 hadi 0.8, uliochekechwa. Mafundi wengine hujaza mchanga wa mtoni kwa kuwa uko karibu na ni bei nafuu. Una udongo, punje zake hazilingani, maji hujichimbia njia katikati na kupita bila kuchujwa. Hata klorini ya tani haitaliponya bwawa la namna hiyo.

Usipunguze matibabu hadi mambo matatu yatimie pamoja: maji ni maangavu na kifuniko cha tundu la chini kinaonekana wazi, klorini iliyofungwa haizidi ppm 0.5, na klorini huru haijapungua zaidi ya ppm 1 usiku kucha, ukipima jua likishazama na tena kabla halijachomoza. Hilo la tatu ndilo hakimu. Usiku hakuna jua la kulaumiwa, kwa hiyo klorini iliyopotea imeliwa na mwani au uchafu uliobaki. Wengi huacha maji yakishakuwa ya bluu, wakati kipimo cha usiku bado kinapoteza ppm 3, na baada ya wiki mbili wanasema mwani wao ni sugu.

Hakuna anayeingia majini kabla ya hapo. Mbali na dawa, bwawa lisiloonekana chini linaficha mtoto anayezama.

Wa manjano na mweusi

Mwani wa manjano unahitaji nyongeza ya siku moja: ukishapita vipimo vitatu, pandisha klorini hadi asilimia 60 ya stebilaiza kwa saa 24 (ppm 18 kama stebilaiza ni 30), pamoja na brashi, wavu na nguo za kuogelea vyote vikiwa vimesafishwa. Vinginevyo brashi yako ndiyo itakayourudisha.

Mweusi ni kazi ya mikono. Kwenye vigae na saruji tumia brashi ya waya isiyoshika kutu, kwangua kila doa hadi utando ufunguke, ndipo klorini iwe na maana. Shikilia lengo la klorini na ukwangue kila siku, wiki moja hadi mbili. Bwawa la fibaglasi au la turubai lisiguswe na waya. Huko mwani mweusi ni nadra. Kama madoa yanarudi palepale kwenye mistari ya saruji, saruji hiyo imeliwa na maji na ina vishimo. Maji yetu mepesi yana tabia hiyo: yakikosa kalsiamu ya kutosha huichota kutoka kwenye plasta. Hapo suluhisho ni kujaza mistari upya, na kwa siku zijazo klorini ya unga ina faida ya ziada kwako, kwa sababu kila ppm 10 ya klorini inaacha kalsiamu ppm 7.

Shabu, mrututu na chupa za dukani

Shabu inafanya kazi, lakini kwa wakati wake: mwani ukiwa umekufa na maji ni ya maziwa. Ukiitia kwenye mwani ulio hai, utazamisha kidogo na kesho utakuta kijani kipya. Gramu 20 kwa mita ya ujazo, yaani gramu 900 kwa bwawa letu, zilizoyeyushwa kwenye ndoo. pH iwe kati ya 7.0 na 7.4. Weka vali kwenye RECIRCULATE ili maji yasipite kwenye mchanga, zungusha saa mbili, zima pampu, acha usiku mzima. Asubuhi kuna zulia la kijivu chini. Lifyonze vali ikiwa WASTE, polepole sana, huku mpira wa maji ukijaza bwawa. Ukilipitisha kwenye chujio, mchanga utaganda.

Mrututu (salfeti ya shaba) tunaushauri uachwe shambani. Wakulima wa kahawa wanaufahamu, ni rahisi kupatikana, na ni kweli unaua mwani. Lakini shaba haiondoki majini. pH ikipanda inatua kwenye vigae kama madoa ya bluu na kijani yasiyotoka kwa sabuni, na nywele nyeupe au zilizopakwa rangi hugeuka kijani. Dawa za chupa za kuzuia mwani zina nafasi ya kuzuia tu, si kutibu bwawa lililokwisha kuchafuka. Za bei ya chini hutoa povu.

Uhifadhi: klorini ya unga na vidonge visichanganywe, hata kwa kijiko kimoja, hata kwenye kikapu kimoja cha skima. Vikikutana na unyevu vinaweza kulipuka. Na stoo ya klorini isiwe ile ya mbolea, mafuta ya taa na oili ya jenereta. Nyumba nyingi za huku zina stoo moja tu. Afadhali klorini ikae peke yake chini ya kibanda kikavu chenye hewa.

Baada ya hapo, kwa msimu

Acha klorini ishuke yenyewe. Ikifika ppm 5 waogeleaji waruhusiwe. Kiwango cha kila siku kisipungue asilimia 7.5 ya stebilaiza: kwenye 40, hiyo ni ppm 3, na siku za jua kali lenga 4 hadi 5. Tumia unga, vidonge viwe vya wiki unayosafiri. Pampu saa 8 kwa siku.

Juni hadi Agosti maji yanapokuwa ya baridi kali mwani hulala, na hapo ndipo pampu huzimwa miezi mitatu kuokoa umeme. Usizime. Saa 4 za mchana zinatosha, na klorini hudumu zaidi kwenye baridi, kwa hiyo gharama ni ndogo. Bwawa lililotelekezwa Julai hulipuka kijani joto la Septemba linapoanza, likisaidiwa na vumbi na majivu ya nyasi zilizochomwa milimani.

Kabla mvua za Novemba hazijaanza, chimba mfereji upande wa juu wa bwawa ili maji ya shambani yapite pembeni. Kila mvua kubwa ikipita, punguza maji yaliyozidi, pima klorini jioni hiyohiyo na pima alkalini mwisho wa wiki, maana maji ya mvua hayana alkalini. Stebilaiza ipimwe mara moja kwa mwezi.